Tarulata na Majani Meupe ya Ng'ambo

Huko Shibtola, ukitaka kujua bei ya mlango, hutazami mlango. Unatazama ardhi iliyo mbele yake. Ardhi ikiwa nzima, mwenye nyumba atakutajia bei ya mjini na kukuapia kwa miungu yote kwamba mbao ni msaji mtupu. Ufa ukishaingia uani, bei inashuka nusu. Na ile asubuhi ambayo ardhi inacheza chini ya nyayo kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, mlango unapewa bure, mradi uubebe mwenyewe na ukimbie.

Tarulata Mondal alikuwa amenunua milango katika hali zote tatu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kununua milango, madirisha, mabati na matofali ya nyumba ambazo Mto Ganga ulikuwa umezikaribia, na kuviuza bara kwa watu ambao maishani mwao hawajasikia ukingo ukianguka. Nyuma ya mgongo wake walimwita Tumbusi. Alijua, na hakununa.

"Tumbusi hamuui ng'ombe," alisema. "Kosa lake ni kufika kwa wakati."

Kijiji alichozaliwa kiko katikati ya mto sasa. Kile alikoolewa kiko huko huko. Mumewe alikuwa saidia fundi kwenye majengo ya miji ya mbali. Alianguka kutoka ghorofa ya sita, akarudishwa ndani ya sanduku, na mkewe akabaki na mtoto wa kiume wa miaka minne na chungu cha kukaangia bisi za mchele. Alikaanga bisi miaka tisa. Mwaka wa tisa jirani mmoja aliyekuwa anahama kwa pupa alimpa dirisha la chuma kwa gunia moja la bisi. Tarulata alilibeba kichwani mwendo wa saa tatu, akaliuza kwa thamani ya magunia manne, na aliporudi akakigeuza kile chungu kifudifudi. Hakukaanga tena.

Nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na baraza, ilijengwa kwa mabaki ya nyumba za watu. Hakuna tofali lililofanana na mwenzake. Mlango wa mbele ulikuwa wa mwalimu, dirisha la upande wa kulia la mfanyabiashara wa samli, na ngazi ya baraza ilikuwa jiwe la hekalu lililokwenda na maji. Ukuta mmoja waliushiriki na Gobindo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mjane wa miaka sabini na midomo ya watu saba.

Mchoraji alikuja Shibtola mara ya kwanza miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Jina lake Sharbari Lahiri. Alifundisha uchoraji Kolkata, alivaa miwani ya duara na sari za pamba zilizofumwa kwa mkono, na kila msimu wa mvua alikodi chumba nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko ili achore wanawake na maji. Alimkuta Tarulata anakagua bawaba.

"Mama, naomba nikuchore."

"Unichore kwa nini? Kwani nimepotea?"

"Una uso wa mto."

"Mto una uso wa mwizi. Unalipa?"

Walipatana asubuhi nzima. Kukaa bei yake, kusimama bei yake, kusimama majini mpaka magotini bei ya tatu. Kuhusu kufungua nywele nje, mbele ya watu, jibu lilikuwa moja: hapana, hata angepewa Kolkata yote pamoja na daraja lake. Lakini mwaka uliofuata Sharbari alimletea picha, na mwanamke wa kwenye picha alikuwa na macho marefu kama samaki na nywele zilizofunguka zikateremka, zikawa mto, na juu ya mto mitumbwi midogo.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi sina mitumbwi kichwani."

Sharbari alicheka, kisha akajitahidi kumweleza. Kwao wachoraji wa Bengal, alisema, mwanamke na ardhi ni mwili mmoja. Walimu wao walichora hivyo, na wao wa leo wanaendelea kwa namna yao: mwanamke ndiye mto, ndiye mpunga, ndiye wingu la mvua ya kwanza.

"Basi kama huo mto ni mimi," Tarulata alisema, "uambie uache kunila."

Mwaka wa tatu Sharbari alikuja na kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu, kirefu kama mlango. Ilikuwa picha ya maonyesho makubwa ya majira ya baridi. Alitaka Tarulata asimame kwenye njia iliyo chini ya tuta, kando nyumba yake, nyuma yake mto, na ng'ambo kabisa yale majani marefu yenye vichwa vyeupe ambayo kila Mbengali akiyaona anajua sikukuu za mungu mama zinakaribia. Mchoraji angekaa juu ya tuta. Kazi ingekwenda mwezi wote wa Bhadro, wakati mto umejaa, na sharti lilikuwa moja: nyumba isiguswe mpaka brashi ya mwisho ioshwe.

Tarulata alikubali. Hakuwa amevunja mapatano hata mara moja. Watu wa kazi yake wakivunja mapatano mara moja, hawauziwi tena hata msumari.

Basi kila asubuhi alisimama pale, uso kwa mchoraji, mgongo kwa mto. Hakupenda kuupa mto mgongo. Siku za kwanza aliusikia ukifanya kazi yake ya kawaida: *dup*, kimya, *dup*, kama mtu anayeshusha magunia ya mchele ghalani. Kila *dup* moja ni kipande cha ukingo. Jioni alihesabu hatua kutoka barazani mpaka ukingoni. Mwanzo wa mvua zilikuwa mia moja na kumi. Sasa zilikuwa sitini na nne.

Siku ya nane ya Bhadro zile sauti zilikoma.

"Mto umetulia leo," Sharbari alisema akichanganya rangi ya kijivu. "Angalia, kama kioo."

Tarulata hakugeuka, maana alikuwa analipwa asigeuke. Lakini alitega sikio, akingoja *dup* ambayo haikuja. Mto unaopiga kelele unakula mbele yako. Unauona na unaupisha. Mto ulionyamaza umeingia chini. Siku ya tisa kimya. Siku ya kumi maji ya kisima chake yalishuka ndoo mbili na yakawa na rangi ya chai. Siku ya kumi na moja nyoka wawili walitoka kwenye mashimo ya ukingoni mchana kweupe, wakapita uani bila kumjali mtu, wakaelekea bara kama wasafiri wanaojua saa ya treni.

Siku ya kumi na mbili, Sharbari alipompa ruhusa ya kupumzika, Tarulata hakukaa chini kama kawaida. Alipanda tuta akaja kuitazama picha.

Mwanamke wa macho ya samaki alikuwa amesimama mtulivu, sari yake nyeupe inateleza mpaka inageuka ukingo wa mto. Nyumba ilikuwa kando, nzima, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuliko nyumba yenyewe. Na juu, kutoka pembe moja ya picha mpaka karibu na bega la yule mwanamke, ulikuwapo mkanda mpana, mweupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Haya majani," Tarulata aliuliza, "umeyatoa kichwani, kama zile nywele?"

"Hapana. Hayo nimeyaona kwa macho yangu."

"Mwaka jana yalikuwapo?"

Sharbari alifurahi kuulizwa. Tarulata hakuwa na kawaida ya kuuliza habari za sanaa. Alitoa daftari lake la michoro, akafungua kurasa za mwaka juzi: ng'ambo kulikuwa na maji tu. Mwaka jana, kutoka mahali hapo hapo: mstari mwembamba mweupe, kama uzi wa pindo. Mwaka huu alikuwa ameuchora mara tano, na kila mara uzi ulikuwa mnene zaidi.

"Yamekuja mpaka mkabala na nyumba yako," alisema. "Ni kama yanakujia wewe. Si mazuri?"

Tarulata alinyanyua macho kutoka kwenye daftari akatazama mwenyewe. Kutoka chini, kule anakoishi, mtu haoni ng'ambo. Juti iliyokomaa, mmea mrefu wa nyuzi za magunia, imesimama mbele kama ukuta, na jioni, akihesabu hatua mpaka ukingoni, yeye alitazama miguu yake tu. Na yeye alikuwa na miezi hajapanda tuta. Tumbusi gani huyu, alijiambia, anayetembea chini kama kuku? Majani yale hayaoti majini. Yanaota juu ya mchanga. Kisiwa cha mchanga kilikuwa kimeinuka pale mbele, kirefu kama kijiji, na maji yote yaliyokuwa yanapita ng'ambo yalikuwa yamesukumwa huku, yanapiga chini ya nyumba yake, kimya kimya, siku ya tano sasa.

"Mazuri sana," alisema. "Leo sisimami tena."

Ila kubomoa nyumba ndani ya Bhadro si kama kubomoa nyumba. Ni mwezi ambao mtu hahami, haoi, haanzi safari. Hata paka mwizi hafukuzwi ndani ya Bhadro. Unafunga kabati na kumvumilia. Kila mwaka mto unafanya kazi yake kubwa mwezi huo huo, na kila mwaka watu wanaungoja uishe, wakiwa wameshika fito za nyumba zao mikononi. Tarulata alikuwa ametajirika kidogo kwa desturi hiyo. Sasa ilikuwa imemgeukia, na mkwewe, Jhorna, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwanawe, mumewe Jhorna, alikuwa kusini anabeba zege.

Gobindo alipopata habari alikuja mpaka barazani na fimbo. Kwa kuwa alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, Tarulata hakuwa amemtazama usoni wala kumtamkia neno moja kwa moja kwa miaka thelathini. Alishusha ukingo wa sari mpaka puani, akamgeukia mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo.

"Ewe mbuzi," alisema, "muulize baba mkubwa ana shida gani."

"Shida ni kwamba kuna watu wameingiwa na wazimu," Gobindo alimwambia mbuzi. "Bhadro bado siku kumi na tisa. Atamtoa mwanamke mwenye mimba nyumbani ndani ya Bhadro? Kifo cha mdogo wangu hakikutosha?"

"Mbuzi, mwambie mto hauna kalenda."

"Mwambie mto ulikuwa hatua mia nane wakati mimi najenga hapa!"

"Na mwambie sasa ni sitini na nne, na kwa siku nne hatua hazijapungua hata moja. Akitaka, aje apige hesabu ya mahali zinakopungukia."

Gobindo aliegemea fimbo yake. Hakuwa mjinga, alikuwa mzee tu, na alikuwa amechoka kuhama. Alikuwa amehama mara tano.

"Mwiko ni mwiko," alisema hatimaye.

"Mwiko umekataza kuiacha nyumba. Mimi siiachi. Naibeba."

"Huo ni ujanja wa sokoni!"

"Muulize, mbuzi, kama kuna ujanja mwingine uliowahi kutulisha."

Kuhusu ule ukuta wa pamoja Gobindo alikataa katakata. Tofali lisiguswe. Na Jhorna naye aligoma, amekaa kitandani na mikono juu ya tumbo.

"Mama, mimi sitoki. Mtoto akizaliwa na kasoro, nani ataambiwa? Si mto. Ni mimi."

Tarulata alikaa kando yake. Hakumbembeleza, kubembeleza hakukuwa kazi yake.

"Mtu akienda ugenini kula wali, amehama?"

"Hapana."

"Akinogewa akalala?"

"Hapana."

"Basi hubebi chungu, hubebi ufagio, hubebi jiwe la kusagia. Unakwenda kwa mchoraji kula. Umenogewa."

Jhorna alifikiri. "Ananogewaje mtu kwa siku kumi na tisa?"

"Mchoraji ana samaki wa hilsa."

Mchoraji hakuwa naye. Tarulata alikwenda kumnunua kwanza, ndipo akaenda kubisha hodi kwa Sharbari.

Sharbari alisikiliza mpaka mwisho, mikono ina rangi. Kuhusu Jhorna hakusita. Angempa kitanda na yeye alale sakafuni. Kuhusu nyumba alikunja uso.

"Tulipatana, Mama. Nyumba ni nusu ya picha."

"Tulipatana. Navunja mapatano, mara ya kwanza maishani, na ninalipa. Nitasimama siku zote zilizobaki bila ujira."

"Si habari ya ujira. Nitaichoraje isipokuwapo?"

"Nywele zangu ulizionea wapi?"

Mchoraji alienda kumtandikia Jhorna kitanda.

Kazi ilichukua siku tatu, wanaume wawili na Tarulata mwenyewe juu ya paa. Watu wa Shibtola walikuja kutazama kama wanaokuja kwenye mchezo wa kuigiza. "Tumbusi kaishiwa na mizoga," kijana mmoja alipiga kelele, "kaanza kujila mguu!" Wanawake walishika masikio yao kuondoa mkosi. Matofali yalipandishwa nyuma ya tuta, yakapangwa, yakafunikwa turubai. Ukabaki ule ukuta mmoja wa Gobindo, umesimama peke yake upande wa Tarulata, na misumari ya kutundikia nguo bado iko.

Kisha hakukutokea kitu.

Siku ya kumi na sita, hakuna. Kumi na saba, hakuna. Hatua zilibaki zile zile sitini na nne, na maji yalipita yakimeta. Tarulata alilala chini ya turubai kando ya matofali yake, na kila asubuhi alipokwenda kusimama kwa ajili ya picha, watu walimuuliza kama mto umemwandikia barua. Gobindo aliona sakafu ya nyumba ya shemeji yake ni bapa na ina jua la kutosha, akaanza kuanikia juti yake hapo. Siku ya kumi na tisa Jhorna alilia. Alisema nyumba imevunjwa bure, kwamba mwanaume wake ataambiwa nini, na kwamba samaki alikwisha siku ya pili.

Tarulata naye alikuwa amekwisha kujiuliza. Aliijua bei ya kila kitu cha nyumba ile. Bei ya kuonekana mwendawazimu hakuwahi kuipiga.

Siku ya ishirini na moja, kabla ya adhuhuri, alikuwa amesimama mahali pake. Hewa haikutikisika. Sharbari alikuwa anamalizia mkono, mkono wa kushoto ulioshika ukingo wa sari, anainama, anaosha brashi, anainuka. Tarulata alimtazama kwa kukosa kingine cha kutazama. Akaona brashi imesimama hewani. Akaona maji ndani ya gilasi ya mchoraji yanafanya viduara, kimoja ndani ya kingine, na hakuna aliyeigusa. Halafu uso wa Sharbari, uso wa mtu anayetazama juu ya bega lako.

Aligeuka.

Ufa ulikuwa umepita nyuma ya sakafu yake ya zamani, upande wa bara, mrefu, safi, kama uliokatwa kwa uzi. Na upande wa mto wa ufa ule alikuwa Gobindo, amechuchumaa, anageuza juti.

"Gobindo!" Tarulata alipiga kelele. "We Gobindo! Njoo hapa!"

Miaka thelathini. Mzee aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mwanamke wa mdogo wake, kichwa wazi, anamwita kwa jina kama anavyoitwa muuza vitunguu, mbele ya kijiji kizima! Alishika fimbo, akatoka pale kwa hatua kubwa za hasira, akaruka ufa bila hata kuutazama, anakuja kumfunza adabu.

"Umeniita nani? Wewe, umeniita nani?"

Alikuwa amefika kwenye njia alipoona kwamba hakuna anayemtazama yeye. Nyuma yake ardhi ilishuka. Haikuanguka; ilishuka, wima, na ule ukuta umesimama juu yake na misumari yake, mpaka usawa wa macho, mpaka usawa wa magoti, na ndipo ikainama kuelekea majini. Nyumba ya Gobindo ilifuata ikiwa na kila kilichokuwa ndani: sanduku la chuma, picha ya marehemu mkewe, mpunga wa miezi minne. Sauti ilikuja baadaye. Vumbi lilipotua, mto ulikuwa umefika karibu na njia, na kutoka hapo mpaka kwenye tuta mtoto angeweza kurusha jiwe.

Gobindo alikaa chini njiani. Baada ya muda mrefu alimtafuta mbuzi kwa macho, hakumwona, akasema bila kumtazama mtu, "Waulize kama kuna nafasi chini ya turubai."

"Ipo," Tarulata alisema.

Nyumba kumi na moja zilikwenda kabla ya Bhadro kuisha. Milango sita tu iliokolewa, na Tarulata hakuinunua hata mmoja. Wenyewe hawakuamini, wakadhani anangoja bei ishuke.

Jhorna alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuita feri. Majira ya baridi picha ilitundikwa Kolkata. Sharbari aliandika barua, Jhorna akamsomea Tarulata: watu walisimama mbele ya picha muda mrefu. Walimsifu mwanamke yule, kwamba anaonekana kama ardhi yenyewe. Walisifu zaidi majani meupe. Bwana mmoja aliyeinunua alisema kwamba akiyatazama anapata usingizi.

"Apate," Tarulata alisema.

Mwezi wa Magh, mvua zilipokuwa mbali, alipata kiwanja nyuma ya tuta baada ya kumchosha mwenye ardhi kwa wiki mbili za mapatano. Fundi alikuja na timazi yake, akatazama yale matofali ya kila rangi, akauliza aagize mifuko mingapi ya saruji.

"Hakuna saruji," Tarulata alisema. "Jenga kwa udongo."

"Udongo? Mama, ukuta wa udongo haumalizi miaka kumi."

Tarulata alipanda tuta. Alisimama juu yake muda kiasi, mto uko chini ya miguu yake, umelala, mdogo, wa bluu, na ng'ambo mchanga umefika mbali kuliko alivyoweza kuona. Alishuka akihesabu hatua kwa midomo.

"Saruji inashika tofali," alimwambia fundi. "Siku ya kubomoa inakuvunjia nusu. Weka udongo."

"Hujahamia, unawaza kubomoa?"

"Miaka kumi umesema wewe," Tarulata alisema. "Mimi nimehesabu minne. Anza upande ule, na usilowanishe sana."